Malkia Asiyekaa Eda

Matanga yalipoanuliwa, wanawake walirudi makwao na masufuria yao, tukabaki wawili katika nyumba ile ya Bofu, mimi na Mama, na Mama akawa hali chakula. Hakukataa kwa ubishi. Ukimwekea sahani aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua, akasema, "Ahsante mwanangu, weka hapo." Jioni niliikuta palepale nilipoiweka, wali umekauka juu.

Yeye na marehemu mumewe walikula sinia moja kwa zaidi ya miaka hamsini. Hata walipogombana walikula sinia moja, kila mmoja akitazama upande wake. Siku ya tatu baada ya matanga nilipomsihi ale japo kidogo, aliniuliza, "Nile na nani?" Hakuuliza kwa kilio. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua saa.

Alikuwa na vidonge vya presha na vya sukari, na daktari alikuwa amemwonya asivimeze tumbo likiwa tupu. Basi hakuvimeza. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba tangu asili, na mbele yake kulikuwa na miezi minne na siku kumi za eda: ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila manukato, bila wanja, bila kuonana na wanaume wasio maharimu zake. Nilimtazama mkono alipokuwa akivuta leso yake kichwani, kifundo kimetokeza kama kokwa, nikaona kwamba kwa mwendo ule hatafika mwisho wa eda.

Mimi si ndugu yake. Nilikuwa mpangaji wa chumba cha uani, mtoto wa watu wa bara, mzaliwa wa Changamwe ambako baba yangu alifanya kazi ya kujaza malori mafuta mpaka alipostaafu. Nimekuwa mtu wa kuhamahama. Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa Kisauni mara mbili, nimekaa Miritini, nimekaa Voi, nimefanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba miaka minne, na kila nilipohama nilianza kupakumbuka nilikotoka kabla hata sijafungua mizigo. Kwa Mama nilikuwa nimekaa miaka sita, na kwangu hiyo ni rekodi. Hata hivyo miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha. Nilikuwa nimepata chumba Utange na kumwahidi mwenye nyumba kwamba naingia mwezi ukiisha. Ndipo Mzee akafariki. Nilipiga simu Utange nikasema nitachelewa.

Nisingeweza kuondoka. Nilipohamia pale nilikuwa nimerudi kutoka Ghuba na homa iliyonigeuza macho kuwa manjano, na katika wiki yangu ya kwanza, nikiwa bado hata jina lake sijalizoea, Mama alinipikia uji wa pilipili manga asubuhi na supu ya samaki jioni, siku kumi na nane. Hakuniuliza nasali wapi. Aliniuliza tu kama nimepata haja.

Kilichotuunganisha baadaye kilikuwa malkia wa Misri. Namsema yule wa zamani, aliyependwa na majemadari wa Kirumi, ambaye jemadari wake wa mwisho alipokufa naye alijiua kwa kuumwa na nyoka. Mama alimwona alipokuwa mwari, siku za sinema ya wanawake. Alinieleza jinsi ukumbi ulivyojaa mabuibui alasiri, hakuna mwanamume hata mmoja, watoto wananyonya, njugu zinapita mkono kwa mkono, na wanawake wanamsemesha malkia kana kwamba ni jirani: mwache huyo, ana mke kwao.

Mimi nilimwona kwanza Changamwe. Jirani yetu alikuwa na televisheni isiyo na rangi, na kama watu wengi wakati ule alikuwa ameifunika kioo kwa karatasi ya plastiki yenye rangi tatu, buluu juu, chungwa katikati, kijani chini, ili ionekane ya kisasa. Watoto tulikaa sakafuni. Malkia alikuwa na nywele za buluu, uso wa chungwa na miguu ya kijani, na alipopiga magoti uso wake uligeuka kijani. Kwa miaka niliamini watu wa Misri ndivyo walivyo. Kidato cha pili mwalimu wa historia alituonyesha kitabuni picha ya sarafu yenye sura yake, pua kubwa, kidevu kikali, nikahisi nimeibiwa. Kisauni nikamwona tena katika banda la video, ambako mtu mmoja mwenye maikrofoni aliwatafsiria watazamaji, akampa malkia sauti ya mama mwenye hoteli anayemfokea mteja. Ghuba nikamkuta kwenye tamthilia ya mwezi wa Ramadhani, anasema Kiarabu. Nilikuwa nikipiga pasi. Mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa mwepesi wa maneno mazuri, alinisogezea mto wake akaonyesha sakafu kwa kidevu, maana yake kaa utazame. Mto ule naukumbuka kuliko mshahara.

Kwa hiyo katika miaka yetu sita, kila televisheni ilipoonyesha malkia yule, Mama alinigongea mlango. Tulimlinganisha huyu na yule kama wanawake wanavyolinganisha wakwe. Mzee alicheka akatoka kwenda barazani.

Hiyo ndiyo sababu wiki ya pili ya eda nilikwenda kwa jamaa anayeuza muvi karibu na stendi, mtu wa Nakuru, kibanda chake kimepakwa rangi nyeusi ndani ili picha zionekane.

"Malkia wa Misri unaye?" nilimuuliza.

"Yupi sasa, madam? Niko nao watano."

"Nitilie wote kwenye flashi."

"Wote? Unafanya risachi?"

"Nina mgonjwa nyumbani."

Aliniangalia kidogo. "Basi wacha nikuongezee na ya karate. Hiyo inaponya."

Nilikuwa nimeshafika kona ya kuingilia kwetu ndipo akili iliponirudia. Nilisimama. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na wanawake watano, na wote watano walikuwa wakifiwa na mume na kumfuata. Na mimi nilikuwa nawapeleka kwa mjane wa wiki mbili asiyekula.

Ningewafuta palepale, lakini asubuhi Mama alikuwa ameniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia, aliuliza swali la pili, na tangu mazishi hakuwa ameuliza swali la pili juu ya jambo lolote. "Yule wa nywele fupi," alisema, "au yule wa nywele hadi kiunoni?"

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila alasiri alikuja kuhakikisha kwamba eda inakaliwa sawa. Alikuwa mjane mwenyewe, wa miaka mingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujibiwa. Alitukuta tumeshaweka flashi.

"Nini hii?"

"Sinema, wifi," alisema Mama.

"Ndani ya eda?"

"Ya zamani. Hawa wote washakufa, tangu kabla ya Mtume."

Wifi alikaa, akatazama. Jeshi la Warumi lilikuwa likipita. "Na hawa wanaume, si maharimu zako."

"Hawanioni."

"Wewe wawaona. Na mapaja nje."

Lilikuwa kweli. Sijui nani aliwashonea wale askari. Mabishano yalichukua muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, na mwisho wifi alitoa hukumu, nasi tukaikubali. Muziki haufai katika nyumba ya eda, kwa hiyo sauti izimwe. Wanaume wakitokea, Mama ateremshe leso machoni. "Na wewe wa bara," aliniambia, "tazama utakavyo. Lakini usimsimulie mapaja."

Sinema ile ilikuwa na wanaume karibu mwanzo mpaka mwisho. Basi alasiri zetu zikawa hivi: televisheni bubu, Mama chini ya leso yake nyeupe kama samani iliyofunikwa isiingie vumbi, na mimi nikisema kinachotokea. Nilikuwa nimegeuka yule mtu wa maikrofoni wa Kisauni.

"Yuko nani sasa?"

"Jemadari. Anaongea na malkia."

"Amwambia nini?"

"Anamwambia amemmisi."

"Mrongo. Na mkewe?"

"Hajamtaja."

"Hawamtaji. Yule wa sinema ya kale naye hakumtaja."

Malkia akibaki peke yake, leso ilipanda, na Mama alitoa maoni. Huyu wanja wake umepita hadi masikioni. Huyu hajui kukaa kwenye kiti. Wa tatu alikuwa mweusi kama sisi, na Mama alimtazama kwa muda mrefu. "Huyu ashabihiana na mke wa fundi wetu wa bomba," alisema, na nikaona amefurahi.

Lakini bado hali chakula. Chai alikunywa, na tende mbili, basi. Nilileta uji kila siku kabla ya sinema, na kila siku niliurudisha jikoni, kwa sababu sikuwa radhi kuumwaga.

Na kila siku tulipokaribia mwisho, nilidanganya. Jemadari alipouangukia upanga wake, Mama aliuliza kutoka ndani ya leso, "Afanya nini?"

"Amelala."

"Mchana huu?"

"Amechoka na safari."

Kisha nilichomoa flashi nikasema umeme umekatika. Mama alinyanyua leso, akatazama feni iliyokuwa ikizunguka juu ya vichwa vyetu, akaishusha leso tena. Malkia wa pili nilisema flashi imeharibika. Wa tatu nilisema wifi yuaja, na ikawa bahati mbaya kwamba kweli alikuja. Wa nne nilimsafirisha jemadari kwenda Lamu.

"Lamu," alisema Mama.

"Kwa biashara."

"Haya."

Siku ile ya Lamu ndiyo siku alipojaribu kusimama kwenda kuchukua udhu akashika ukuta, akabaki ameushika kwa muda. Nilimpeleka bafuni nikimshika kwapani. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliona aibu kwa uzito wangu. Nikajiambia kesho namwita daktari aje, apende asipende wifi, na kesho nafuta vile visinema vyote.

Kesho yake, kabla sijafanya lolote, aliniita. "Wifi yangu amekwenda Mtongwe kwa mjukuu. Weka yule wa tano. Na leo unimalizie."

"Nikumalizie nini, Mama?"

"Mwanangu, huyu nilimuona akifa kabla wewe hujazaliwa. Wadhani sijui aendako? Lamu."

Nilibaki nimeshika flashi.

"Waogopa nitamuiga," alisema.

"Huli, Mama."

"Ndiyo. Sili. Weka."

Niliweka. Siku hiyo hakushusha leso hata mara moja. Alimtazama jemadari amelala katika damu yake, akasema, "Maskini. Mtu mzima." Malkia wa tano alikuwa mrefu, wa sinema mpya, mwenye shingo ndefu. Aliposikia habari alilia, kisha akaanza kujipamba. Akavikwa nguo ya dhahabu. Akavikwa taji. Vijakazi wake wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakampaka wanja.

"Tazama," alisema Mama. "Mume hajapoa, yeye ajitia wanja. Hata siku moja ya eda hajakaa."

Kapu likaletwa, lina matunda, na chini ya matunda nyoka. Nilimtazama Mama, sikumtazama malkia. Uso wake haukubadilika nyoka alipouma. Ulibadilika baadaye, yule kijakazi wa kulia alipotia mkono wake kapuni, kisha wa kushoto.

"Na hawa?"

"Vijakazi wake."

"Najua. Wao wafiwa na nani?"

"Hawakufiwa."

"Basi mbona wafa?"

Katika miaka yangu yote ya kumwona malkia yule, kwa rangi tatu, kwa Kiarabu, kwa maikrofoni, sikuwahi kuwatazama wale wawili. Sasa walikuwa wamelala miguuni pake, mmoja bado anajaribu kumnyoshea taji.

"Wawili wazima," alisema Mama polepole, na hasira ilikuwa imeingia sautini, hasira ya mwenye nyumba. "Wana mikono, wana miguu. Hata mmoja hakukumbuka kwenda jikoni. Wanja waliukumbuka. Angekuwa na wifi kama wangu, yule nyoka asingepita mlangoni."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, na kicheko kikanigeukia nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mama aliningoja. Aliniambia nipenge kamasi.

"Uji upo?"

"Upo, lakini umepoa."

"Upashe. Ulete bakuli moja na vijiko viwili."

Nilikaa naye mkekani, bakuli katikati. Alikula taratibu, akianzia ukingoni. Nilipofika nusu niliona kwamba kila baada ya vijiko viwili vitatu anasukuma sehemu nzito ya uji, ile ya katikati iliyoganda vizuri, inakuja upande wangu. Hakuwa akiniangalia. Mkono wake ulikuwa unafanya ulichozoea kufanya miaka hamsini. Nilijua anayesukumiwa si mimi. Nikaila ile sehemu kwa niaba ya mwenyewe, na sijawahi kula kitu kwa unyenyekevu kiasi kile. Tulipomaliza alinyosha kiganja, nikampa vidonge vyake.

Nikaelewa basi kwamba kwa wiki tatu nilikuwa nikimwekea sahani na kuondoka. Kwetu, tulivyolelewa, mgonjwa huachwa ale kwa utulivu. Nilidhani namheshimu.

Kuanzia siku ile tulikula bakuli moja, mchana na jioni. Wifi aliporudi kutoka Mtongwe alitukuta tumeinamia mbaazi na mahamri, akasimama mlangoni.

"Sasa wala," alimwambia Mama.

"Nala."

Wifi alibaki amesimama, na niliona jambo usoni mwake ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye sauti ile. "Mimi nilikaa eda yangu na redio," alisema. "Ilikuwa yazungumza, haili."

Mama alisogea. "Kaa basi."

Alivua viatu akakaa, akala sana, akasema mbaazi zina chumvi. Tukawa watatu. Kuhusu sinema hakuondoa amri yake hata moja.

Eda ikaendelea, siku zikafanana. Mama alirudisha mwili kidogo, akarudisha na ukali: mwezi wa tatu alinisema kwa kukausha nguo vibaya, na nikafurahi kusemwa. Tuliwatazama wale watano mara nyingine, na yule mweusi mara tatu. Hatukumsafirisha mtu tena.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja alfajiri wakamkogesha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Nilikuwa nimebanwa mlangoni na umati wa shangazi wasionijua. Alipopita aliuliza kwa sauti, mbele yao wote, "Chumba cha Utange bado kipo?"

"Kipo, Mama. Lakini si lazima."

"Nenda. Miguu yako naisikia usiku yatembea kitandani." Akanishika shavu, mkono unanukia udi. "Mimi si yule wa kulazwa na vijakazi wake. Nina wifi."

"Mbaya," alisema wifi nyuma yake.

"Mbaya, lakini ala."

Nilihama wiki iliyofuata. Nilitaka kumshukuru nikashindwa na maneno. Nilitaka kumwambia kwamba tangu utotoni nimekuwa nikikaa sakafuni katika nyumba za watu, nikitazama mwanamke mmoja akifa mara kwa mara, na kwamba kila mara kulikuwa na mtu aliyenifungulia mlango au kunisogezea mto, na sikuwahi kumshukuru hata mmoja wao. Wengi siwezi kuwapata tena. Yeye nilikuwa naye pale, na nilichosema ni kwamba bomba la uani linavuja. Aliniitikia kwamba ameshamwita fundi. Nadhani alinielewa.

Sasa nipo Utange, naamka nikiikumbuka Bofu, kama ilivyo desturi yangu. Mama hunipigia Ijumaa baada ya sala. Mwezi uliopita aliniambia wameonyesha malkia mwingine, mpya kabisa, na kwamba wifi alimkubali kwa sababu majeshi yake yamevaa suruali. Nilimuuliza kama walitazama mpaka mwisho.

"Hatukuwahi," alisema. "Samaki alikuwa yuwaungua."